Mwezi, maji na upepo: mwongozo kamili wa kupanga safari ya uvuvi pwani

Mvuvi mpya hupanga safari kwa kutazama nafasi yake: Jumamosi sina kazi, basi nitakwenda Jumamosi. Akifika ufukoni anakuta maji yameshatoka, chombo kimelala mchangani, na itabidi asubiri nusu ya mchana hadi kielee. Au kinaelea vizuri, lakini mkondo una nguvu kiasi kwamba chubwi haikai chini na mshipi unalala juu juu kama uzi wa tiara. Samaki wapo, ila yeye amekuja saa isiyo yao.

Mimi hupanga kwa mfuatano huu: mwezi hunipa siku, maji hunipa saa, na hali ya hewa hunipa ruhusa. Mfuatano huu una sababu yake. Umbo la mwezi linajulikana miaka mingi mbele. Saa za maji hupigiwa hesabu na kuchapishwa kwa mwaka mzima. Upepo, kwa uhakika wa kutegemewa, unaujua siku mbili tatu tu kabla. Kwa hiyo unachagua juma kwa mwezi, unapanga saa kwa jedwali, na unauachia upepo neno la mwisho.

Bamvua na maji mafu

Mwezi huvuta bahari, na jua nalo huvuta, ila nguvu ya jua ya kuinua maji ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa karibu kwenye mstari mmoja. Nguvu zinajumlika, maji yanajaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, iwe robo ya kwanza au robo ya mwisho, jua linavutia upande na mwezi upande, na maji hupanda kidogo na kushuka kidogo. Hayo ni maji mafu. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, kwa hiyo bamvua huja mara mbili katika muda huo, na kati ya bamvua na maji mafu kuna kama siku saba.

Usidhani siku ya mwezi mpevu ndiyo kilele chenyewe. Katika pwani nyingi, bamvua kubwa zaidi huja siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo unapotia alama kwenye kalenda, tia baada ya mwezi mpevu.

Mwezi nao haukai umbali mmoja. Hukaribia dunia hadi kama kilomita 357,000, kisha huenda mbali hadi kama 406,000. Mwandamo au mwezi mpevu ukiangukia siku za ukaribu, bamvua lake huzidi la kawaida. Vivyo hivyo karibu na Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Bamvua za namna hiyo ni za hatari kwa asiyejiandaa, lakini zina faida moja kubwa nitakayoieleza mbele.

Yote haya ni kwa pwani ambazo maji hujaa mara mbili kwa siku, na ndizo nyingi duniani. Kuna tofauti kubwa kati ya mahali na mahali. Katika Bay of Fundy, Kanada, maji hupanda hadi kama mita 16. Sehemu nyingi za Mediterania hazifikishi hata nusu mita, na huko upepo huamua mengi kuliko mwezi. Ghuba ya Meksiko ina sehemu ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, na Southampton, Uingereza, hujaa, yakashuka kidogo, yakajaa tena. Kabla ya kufuata kanuni ya mtu, hata hizi zangu, jua kwanza pwani yako ni ya aina gani.

Jua saa ya bamvua ya pwani yako

Hili nalipenda kuliko yote, maana halihitaji kifaa chochote.

Mwezi hupita juu yetu ukichelewa kama dakika 50 kila siku, na maji huchelewa pamoja nao. Ndiyo maana kati ya kujaa na kujaa kuna kama saa 12 na dakika 25. Baada ya kama siku 15, ule uchelewaji unakuwa umekamilisha mzunguko, na maji yamerudi kwenye saa ile ile. Maana yake: mahali ulipo, maji ya bamvua hujaa karibu saa ile ile kila mara, mwaka hadi mwaka.

Tuseme kwenu, siku ya bamvua, maji hujaa saa kumi jioni. Basi bamvua lijalo yatajaa karibu saa kumi, na la mwezi ujao pia. Juma moja baadaye, kwenye maji mafu, saa kumi hiyo hiyo ndipo yanapokuwa yamepwa. Ukishaijua saa yako ya bamvua, unaweza kutazama mwezi angani, ukahesabu siku zilizopita tangu bamvua, ukaongeza dakika 50 kwa kila siku, na kupata saa ya leo bila kutazama karatasi. Hesabu hii ni ya kukadiria. Karibu na bamvua, maji huchelewa pungufu ya dakika 50 kwa siku, na karibu na maji mafu yanaweza kuchelewa zaidi ya saa nzima. Kwa safari yenyewe tumia jedwali, lakini kwa kujua kama Jumamosi ya wiki tatu zijazo itakufaa, inatosha.

Soma jedwali bila kujidanganya

Jedwali la maji lina mambo mawili: saa, na kimo cha maji kwa mita. Makosa hutokea sehemu tatu.

Kwanza ni saa. Majedwali huandika kwa mtindo wa saa 24, na mengine hufuata saa ya dunia ya UTC, si ya nchi yako. Soma maelezo ya juu ya ukurasa, geuza kwanza iwe saa ya kwenu, kisha ndipo ubadilishe kuwa saa za Kiswahili. 16:15 ni saa kumi na robo jioni. Andika pembeni kwa kalamu kabla hujaondoka, kwa sababu chomboni, ukiwa umechoka, kichwa hukosea kwa saa sita kirahisi.

Pili ni mahali. Jedwali ni la bandari fulani. Ndani ya hori au juu ya mto, maji huchelewa. Niliwahi kutumia saa za bandari iliyo juu ya mto kwa hori lililo karibu na bahari, ambako maji hutangulia, nikarudi nikiamini bado nina nafasi. Mlango ulikuwa umeshakauka. Chombo kililala ubavu kwenye tope, nasi tukakaa humo hadi usiku wa manane maji yaliporudi. Tofauti ilikuwa dakika arobaini tu.

Tatu ni kimo. Namba ya jedwali si kina cha maji chini ya chombo chako. Ni kimo juu ya usawa wa chini unaotumika kwenye ramani za bahari. Kina halisi hupatikana kwa kujumlisha kimo cha jedwali na kina kilichoandikwa kwenye ramani. Pale ramani ilipoandika namba iliyopigiwa mstari chini, hapo ni fungu au mwamba unaokauka, na namba hiyo unaitoa.

Sasa mfano kamili. Jedwali linasema maji yatapwa 10:05 kwa mita 0.6 na kujaa 16:15 kwa mita 3.6. Tofauti ni mita 3. Maji hayapandi kwa kasi moja: huanza polepole, hukimbia katikati, hupoa mwishoni. Wanamaji hugawa tofauti hiyo mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3, fungu moja ni sentimita 25. Basi kimo kinakwenda hivi: 0.6 mwanzoni, kisha 0.85, 1.35, 2.1, 2.85, 3.35, na mwisho 3.6.

Mlango wa hori lako una kizingiti cha mchanga kinachokauka mita 1. Chombo chako kinazama nusu mita, na unataka nusu mita nyingine ya usalama. Unahitaji kimo cha mita 2. Hicho unakipata kama saa tatu baada ya maji kupwa, yaani saa saba na dakika tano mchana. Upande wa kurudi, maji yanashuka kwa mpangilio ule ule, hivyo mlango hufungwa kama saa tatu baada ya kujaa, saa moja na robo jioni. Dirisha lako ni saa sita. Mimi ningepanga kuwa ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, mwanga ukiwa bado upo, ili hata mashine ikisumbua nibaki na saa nzima mkononi.

Kanuni hii haifai pale maji yanapokwenda kwa tabia ya pekee, kama Southampton au juu sana mtoni. Huko tumia mchoro wa saa kwa saa.

Linganisha maji na uvuvi wako

Hapa hakuna jibu moja, na anayekuambia bamvua ni nzuri au mbaya bila kukuuliza unavua nini na kwa zana gani hajakusaidia.

Mvuvi wa mshipi wa kina kirefu, kwenye ukingo wa mwamba, anapendezwa na maji mafu. Mkondo ni mpole, chubwi nyepesi inatosha, chambo kinakaa walipo samaki, na nanga haiburuzwi. Kwenye bamvua sehemu hiyo hiyo humwachia muda mfupi tu, pale mkondo unaposimama. Kuna jambo wengi hawalijui: mkondo hausimami lazima saa ile maji yanapofika kilele. Kwenye mlango mwembamba wa hori kubwa, maji yanaweza kuendelea kuingia kwa muda mrefu baada ya ufuko wa nje kuanza kupwa. Tazama povu, majani na kamba ya boya, kisha andika saa halisi mkondo ulipogeuka.

Mvuvi wa maji mafupi, kwenye mchanga tambarare au kando ya mikoko, yeye bamvua ndiyo yake. Maji yakipanda yanafunika sehemu zilizokuwa kavu, zenye kaa, kamba na minyoo, na samaki huingia na ukingo wa maji yenyewe. Fuata ukingo huo. Maji yakianza kutoka, samaki hujipanga upya: wadogo wanasukumwa nje kupitia mifereji, na wakubwa husubiri mdomoni. Saa mbili za kwanza za maji kupwa, kwenye mdomo wa mfereji au hori, ni saa ambazo ningezilinda kuliko zote. Simama pembeni ya mkondo, tupa chambo upande wa juu, kiache kiteremke na maji kama kitu kilichochukuliwa.

Nyavu za kutega na madema hupata shida kwenye bamvua. Mkondo hulaza wavu, huujaza majani na kuuviringisha. Ukilazimika, tega karibu na maji kusimama, na usizifikie zana zako wakati mkondo umekaza.

Na ile faida ya bamvua kubwa niliyoahidi: maji yakipwa kuliko kawaida, acha mshipi nyumbani, nenda ukatembee. Bahari imekufungulia sakafu yake. Utaona mashimo nyuma ya mafungu, mifereji inakopita, jiwe la pekee katikati ya mchanga, vipande vya mwamba vitakavyokukatia nyuzi. Piga picha, chora, chukua alama mbili za nchi kavu zinazolingana. Saa moja ya kutembea hivyo ina thamani kuliko safari kumi za kubahatisha. Geuka kurudi maji yanapoanza kuingia, bila kungoja, kwa sababu kwenye mchanga tambarare maji hupita kwanza mifereji ya nyuma yako na kukuzunguka kabla hujayaona mbele.

Giza na mbalamwezi

Kwa anayevua usiku, mwanga wa mwezi una uzito sawa na maji. Wanaovua dagaa au ngisi kwa taa wanajua: taa huvuta pale giza lilipo. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wake umetapakaa bahari nzima, na taa yako haina tena la kuwaita. Usiku kadhaa kabla na baada ya mwandamo ndio wa kazi.

Lakini hata karibu na mwezi mpevu kuna giza la kuiba. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku tatu nne baada ya mwezi mpevu, tangu jua kuzama hadi mwezi kuchomoza, unapata saa mbili hadi tatu zisizo na mbalamwezi. Kabla ya mwezi mpevu ni kinyume: mbalamwezi iko mwanzo wa usiku, na giza huja mwezi ukishazama kuelekea alfajiri. Kwa hiyo tafuta kwenye kalenda saa ya kuchomoza na kuzama, si umbo peke yake.

Kuna pia majedwali yanayodai kuonyesha saa ambazo samaki hula. Mengi yanatokana na wazo la Mmarekani John Alden Knight la mwaka 1926, kwamba samaki huchangamka mwezi unapokuwa utosini au chini ya miguu yetu, na kwa kiasi kidogo unapochomoza na kuzama. Kwa pwani sioni haja yake. Saa hizo huenda sambamba na maji, kwa sababu ni mwezi ule ule, na maji unaweza kuyaona kwa macho.

Jambo moja la kuliheshimu: aina nyingi za chewa hukusanyika kutaga siku maalumu za mwezi, mara nyingi karibu na mwezi mpevu au mwandamo, mahali pale pale. Ukigundua kusanyiko kama hilo, utashawishika kwa sababu kila ndoana inarudi na samaki. Waache. Kundi lililokusanyika kutoka eneo kubwa linaweza kumalizwa kwa misimu michache, na likiisha, mwamba mzima wa pembeni nao unabaki mtupu.

Hali ya hewa hutoa ruhusa

Soma upepo kwanza, mvua baadaye. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Kwa kipimo cha Beaufort, povu jeupe huanza kuonekana hapa na pale upepo ukiwa noti 7 hadi 10, huwa la mara kwa mara kwenye 11 hadi 16, na hutapakaa kwenye 17 hadi 21. Kwa mtumbwi wa kasia mimi husimama kwenye 10. Kwa boti ndogo yenye mashine, 15. Kumbuka utabiri hutoa wastani, na dharuba za ghafla huzidi wastani huo kwa theluthi moja au zaidi.

Mwelekeo ni muhimu kama kasi. Upepo wa kutoka nchi kavu hulaza maji karibu na ufuko, na bahari huonekana kama sinia. Huo ndio upepo unaoua watu wa vyombo vidogo. Kila mita unayosogea nje mawimbi yanakua, na mashine ikizima unasukumwa mbali na nchi, si kuelekea nchi. Usiipime bahari kwa kuitazama ukiwa ufukoni upepo ukitoka mgongoni kwako.

Kimo cha mawimbi kwenye utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Palipoandikwa mita 1, tegemea wimbi moja moja la karibu mita 2. Tazama pia muda kati ya wimbi na wimbi. Mita moja kila sekunde nne ni bahari fupi, kali, inayorusha maji chomboni. Mita moja kila sekunde kumi na mbili chombo hupanda na kushuka taratibu huko nje, lakini wimbi hilo hilo likifika kwenye mwamba au mdomo wa hori husimama na kuvunjika kwa nguvu ya kutisha. Mawimbi marefu yakifika bila upepo, ujue kuna dhoruba mbali iliyoyatuma.

Sasa unganisha na jedwali. Mkondo ukienda upande mmoja na upepo ukivuma kuukabili, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika. Mlango uliotoka nao salama asubuhi, upepo na mkondo vikiwa pamoja, unaweza kukataa kukupitisha baada ya mkondo kugeuka. Kila mpango wangu una swali hili: saa ya kurudi, maji yatakuwa yanatoka au yanaingia, na upepo utatoka wapi? Siku za jua kali, nchi hupata joto kuliko bahari, na upepo wa bahari huamka kuelekea adhuhuri ukakaza alasiri. Maji yakiwa yanatoka mlangoni saa hizo, vinakutana uso kwa uso.

Hewa hubadilisha hata kimo cha maji. Mgandamizo ukishuka hektopaskali 1, usawa wa bahari hupanda kama sentimita 1. Ukipanda, maji hushuka vivyo hivyo. Upepo mkali wa kuelekea nchi huongeza juu yake, na wa kutoka nchi hupunguza. Ile nusu mita ya usalama kwenye mfano wetu ilikuwa kwa ajili ya hili.

Radi haina mjadala. Hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo, gawa kwa tatu, utapata kilomita. Kabla ya hapo, wingu lililopanda kama mnara na kutanuka juu, pamoja na upepo wa baridi wa ghafla, limeshakuambia urudi. Usitoke tena hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kupanga safari yenyewe

Wiki tatu kabla, tazama mwezi na uchague siku mbili au tatu, usichague moja, ili upepo ukikataa ya kwanza uwe na ya pili. Wiki moja kabla, toa saa za maji za kila siku hizo, fanya hesabu ya mlango, na andika dirisha lako. Siku tatu kabla, anza kufuatilia utabiri kila asubuhi na jioni. Ukiona unabadilika kila unaposoma, hewa haijatulia, na mimi huchukulia ule mbaya zaidi kuwa wa kweli. Usiku wa kuamkia safari, mweleze mtu wa nchi kavu unakokwenda, saa ya kurudi, na saa ambayo usipoonekana atoe taarifa. Mafuta yagawe matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisilazwe chini ya kiti.

Asubuhi, ukifika majini, simama robo saa kabla ya kusukuma chombo. Tazama mlangoni mawimbi yanavunjika wapi, na hesabu yale makubwa, kwani huja kwa makundi. Linganisha upepo wa usoni na ule wa utabiri. Visipofanana, subiri au rudi nyumbani, hata kama umeamka saa tisa usiku na chambo kimeshakatwa.

Ukirudi, fungua daftari kabla ya kuosha zana. Andika tarehe, siku ya mwezi, saa maji yalipojaa na kupwa kweli kweli hapo ulipokuwa, saa mkondo uliposimama, upepo, rangi ya maji, mahali, kina, samaki wa kwanza alikula saa ngapi na wa mwisho saa ngapi. Andika na siku ulizorudi mikono mitupu, kwa urefu ule ule. Baada ya mwaka utakuwa na bamvua zaidi ya ishirini za pwani yako mwenyewe, na hapo utaanza kuona kwamba kuna fungu moja ambalo hulisha saa moja na nusu baada ya maji kugeuka, robo ya mwisho, upepo ukiwa mwepesi kutoka upande mmoja tu.